Viashiria Vitatu vya Hatari

Chuoni tulifundishwa kwa miaka miwili kwamba mteja ndiye mfalme wa maisha yake. Mwaka wa tatu tukapelekwa fildi, kujifunza kazi maofisini, nikagundua kwamba mfalme mwenyewe yuko nje kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, na ofisa anayesubiriwa bado anakunywa chai.

Ofisi ya ustawi wa jamii niliyopangiwa ilikuwa na meza mbili, kabati lisilofungika na kiti kimoja cha wanafunzi. Tulikuwa wanafunzi watatu. Tulikikalia kwa zamu. Msimamizi wetu pale ofisini tulimbandika jina la Mama Muhuri, maana mama wa watu hakujisumbua kusoma. Yeye ni kugonga tu. Mwekee barua mbele, muhuri. Mwekee orodha yako ya vitu vya sokoni, muhuri. Mwenzangu mmoja aligongewa karatasi aliyokuwa anajaribia kalamu.

Ili nifaulu, nilitakiwa niwe na shauri moja la mteja, niliandikie tathmini kamili na mhadhiri wangu aisahihishe. Wiki ya nne ikaingia sina mteja hata wa dawa. Waliokuja wote walitaka barua, wakipewa wanaondoka na furaha zao, jambo la kusikitisha sana kwa mwanafunzi mwenye tarehe ya mwisho.

Ndipo akaja fundi cherehani. Alikuwa amefiwa na mkewe mwaka uliopita, akabaki na binti wa miaka sita. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilikuwa kimepotea, na shule haikubali kumwandikisha bila barua ya ustawi. Shida ya dakika kumi. Mimi nikamwambia, kwa ile sauti ya upole tuliyofanyishwa mazoezi darasani, kwamba lazima kwanza nimtembelee nyumbani. Akashukuru. Masikini, akashukuru kweli.

Kwake palikuwa chumba kimoja na kibaraza cha kushonea. Ukutani zilining'inia sare mbili za shule alizoshona mwenyewe, moja kubwa kidogo, "ya mwakani." Mtoto alikuwa amelala usingizi wa mchana chini ya meza ya kukatia, juu ya blanketi lililokunjwa mara mbili, kwa sababu hapati usingizi mpaka asikie cherehani. Alipoamka alinionyesha vifungo alivyovipanga kwa rangi. Baba yake alinipa kiti, yeye akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Kila alipomtaja marehemu alitabasamu. Nikarudi nikaandika: mtoto yuko salama, baba anamlea vizuri, apewe barua.

Mhadhiri wangu, tuliyemwita Daktari wa Nadharia, alikuja kunikagua kwa dakika ishirini, gari likiunguruma nje. Alisoma akiwa amesimama.

"Hii ni nini?"

"Tathmini, dokta."

"Hatari iko wapi?"

"Haipo, dokta."

"Binti, shauri lisilo na hatari si shauri, ni umbea. Fomu ina nafasi tatu za viashiria vya hatari. Unataka zibaki wazi? Mtazame tena mteja wako kwa jicho la kitaalamu."

Nikamtazama tena, bila kurudi kwake. Jicho la kitaalamu lina raha yake, halihitaji hata kufumbuliwa. Kiashiria cha kwanza: mtoto analazwa chini, mvunguni mwa meza. Cha pili: anachezea mikasi na sindano. Sikumwona na mkasi hata mara moja, lakini vifungo havitishi mtu. Cha tatu: baba anatabasamu akitaja msiba, dalili kwamba amekwama katika hatua ya kukana kifo. Pendekezo: mtoto aondolewe kwa muda, akalelewe katika makao ya watoto. Hilo la mwisho nililitoa kwenye mfano wa kitabuni, na kusema kweli lilikaa vizuri kwenye ukurasa. Nikapata themanini na mbili. Nilimpigia mama simu, akapiga vigelegele mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

Nakala moja ilikwenda chuoni. Ya pili, kwa utaratibu, nilimwekea Mama Muhuri mezani. Alichofanya unakijua.

Wiki mbili baadaye nilimkuta fundi kwenye benchi, ameshika wito kwa mikono miwili. Kamati ya watoto ingekaa Ijumaa kuamua kama binti yake apelekwe makao.

"Afadhali nimekuona, dada," akasema. "Kuna mtu kaniandikia uongo. Eti mwanangu anachezea mikasi! Wewe ulifika, uliona kwa macho yako. Utanisemea?"

Nikasema nitamsemea.

Nikamfuata Mama Muhuri. "Mama, ile ripoti ya fundi ilikuwa ya chuo tu. Ya alama."

"Ina muhuri?"

"Inao."

"Basi si ya chuo tena. Na wakubwa wameisifu, ndiyo ripoti pekee robo hii iliyochapwa ikanyooka."

"Lakini si ya kweli."

Akaweka kikombe chini. "Mwanangu, ukisema hivyo kikaoni, mimi nitalazimika kuwaandikia chuo kwamba umeghushi. Mwaka utarudia. Ukinyamaza, mtoto anakaa makao miezi sita, tunatathmini upya, anarudi. Nakushauri kama mzazi. Nyamaza."

Nikampigia Daktari wa Nadharia. Akaniambia hii ni fursa adhimu ya kujitafakari, halafu akakata simu.

Ijumaa fundi alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, binti yake amemshika vidole viwili. Mwenyekiti wa kamati akasoma ripoti kwa sauti, neno kwa neno. Sijawahi kuona aibu kama ile. Sentensi zilizonipa themanini na mbili zilikuwa zinasomwa mbele ya mtu aliyenipa kiti chake, na kila moja ilinyooka vizuri.

"Mzazi," mwenyekiti akauliza, "kwa nini unatabasamu ukimtaja marehemu?"

"Alikuwa mcheshi, mheshimiwa."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika kitu. Fundi akanigeukia, akisubiri nimsemee.

Nikasimama. "Ripoti hiyo niliandika mimi. Mtoto alikuwa amelala mchana kama mtoto yeyote. Mkasi sikumwona nao. Fomu ilikuwa na nafasi tatu, nikazijaza."

"Ulizijaza kwa kutoa wapi?"

"Kichwani kwangu, mheshimiwa."

Mama Muhuri alifumba macho. Kamati ikanong'ona, ikatupilia mbali shauri, ikaagiza fundi apewe barua yake ya shule hapo hapo. Barua ya kwenda chuoni kwangu nayo ilichapwa kabla ya saa sita. Siku hiyo ofisi ilifanya kazi kwa kasi ambayo wateja hawajawahi kuiona.

Nilitoka nikasimama kwenye ujia, karibu na mlango. Sitaficha, nilikuwa nasubiri kushukuriwa. Nilikuwa nimetoa mwaka mzima wa maisha yangu, na nilishaandaa jibu la unyenyekevu, la "usijali, ni wajibu wangu." Fundi akatoka na barua mkononi na mtoto ubavuni. Mtoto akaniona, akachangamka, akafungua kinywa. "Shikamo..."

Baba yake akamvuta mkono. "Huyu usimwamkie."

Mtoto akashangaa, akatutazama kwa zamu. "Kwani si mtu mzima, baba?"

Fundi alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, taratibu, kama anayenipima nguo.

"Bado," akasema, wakaenda zao kuiwahi shule.