Saa Ishirini

Mjukuu wangu Evelina ana kifafa. Alipoandikiwa vidonge vya kutwa mara mbili, nilimwacha na wifi yangu Loisi, nikaenda Mpwapwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Nilimwambia Loisi afuate kilichoandikwa kwenye bahasha ya dawa, basi.

Niliporudi Ipagala nilikuta mkono wa kulia wa mtoto umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Alishikwa na kifafa akaangukia jiko la mkaa. Loisi alinionyesha bahasha huku akilia. Kompyuta ya hospitali ilikuwa imeandika 8:00 na 20:00. Kidonge cha kwanza alimpa saa nane mchana, kila siku bila kukosa. Cha pili hakumpa kabisa.

"Saa ishirini ni saa ya wapi, wifi?" aliniuliza. "Nimeitafuta kwenye saa ya ukutani, haipo."

Sikumkemea. Nilijifunga khanga, nikamshika mtoto mkono wake mzima, tukaenda kule tulikopewa dawa, hospitali ya Daktari Ludovick, mojawapo ya hizi za watu binafsi zilizoota mjini tangu serikali itoe ruhusa.

Kwenye chumba cha dawa vijana wawili walikuwa wanabishana. Elisante namfahamu, tunasali pamoja. Yeye ndiye aliyetengeneza programu ya kwanza ya pale, kwa lugha ya kompyuta wanayoiita dBase. Ilikuwa na kioo cheusi na maandishi ya kijani, na bahasha zake zilisema saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Mwenzake, Nathan, aliletwa kutoka Dar es Salaam kuweka mpya, yenye rangi na vipicha vya kubonyeza. Alikuwa anasema dBase imekufa, Dar hakuna anayeigusa, Elisante anakumbatia maiti. Elisante akamjibu kwamba maiti yake ilikuwa inaandika vizuri. Wakacheka.

Niliweka bahasha mezani, nikaeleza yaliyotupata. Nathan aliisoma, akasema kwa heshima kwamba programu haikukosea: 8:00 ni saa mbili asubuhi, dunia nzima inajua.

"Sasa hivi ni saa ngapi, mwanangu?"

Akatazama saa yake. "Saa tano na robo, mama."

"Mbona hukusema kumi na moja?"

Hapo ndipo alipoutazama mkono wa Evelina. Akasema pole, akaongeza kwamba ni jambo dogo, mistari miwili tu, atarekebisha kabla ya jioni. Alidhani ananipoza. Mistari miwili, na mtoto ameungua.

Elisante alianza kutabasamu. Nikamgeukia, nikamuuliza kama alikuwa analijua hilo.

Tabasamu likaisha. "Niliona tangu siku ya kwanza, mama. Nilitaka hawa wa programu mpya wakwame, waone wenyewe kwamba ya zamani bado inafaa."

Nilisimama pale mpaka wakatoa ile kompyuta ya zamani stoo, wakaiwasha, wakanichapia bahasha nyingine. Nikaisoma yote ndipo nikaondoka.

Jumapili kanisani tuliambiwa tupeane amani. Elisante akanijia, mkono ameunyoosha. Nikamwambia aanze na Evelina.

Mtoto akampa wa kushoto.