Kopo la Manjano ya Muheza

Mwaka ule wa foleni za sukari na sabuni, Bakili, muuza viungo wa Kariakoo, alikuwa na manjano ya aina mbili. Aina moja ilikaa kwenye gunia mbele ya wateja: manjano kidogo ya kutoa harufu tu, unga wa muhogo mwingi, na rangi ya kutilia mikeka ili muhogo usitoe siri. Aina ya pili ilikuwa manjano safi ya Muheza, kopo moja tu lililokuwa la maziwa ya unga, na hilo hakuliuza. Mteja akiuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Safi, wallahi." Kiapo hakikumkosesha usingizi. Nani hakuchanganya siku zile? Hata sukari ya ugawaji tulikuta mchanga ndani.

Kilichomkosesha usingizi ni Sabaha, mkewe, aliyeotwa na uvimbe kichwani. Kila asubuhi alipelekwa hospitali kuchomwa mionzi.

"Mionzi inaua uvimbe, lakini haichagui," daktari kijana alimwambia Bakili. "Inaunguza na ubongo usio na ugonjwa ulio jirani. Anaweza kuanza kusahau."

"Hakuna kinga, daktari?"

"Wapo wanaojaribu mimea. Manjano, choya, vitu kama hivyo. Inaelekea vina kitu kinachopunguza makali ya mionzi. Lakini ni kwa panya, mzee wangu. Kwa binadamu sijui, nisikudanganye."

Bakili alisikia manjano, mengine yakampita. Siku hiyo hiyo alilipeleka kopo la Muheza nyumbani, Mtaa wa Sikukuu, akalikabidhi kwa Hyasinta, mama wa Kisongea aliyepanga chumba cha pili, ambaye ndiye aliyemtazama Sabaha mchana.

"Mama Gaudens, kijiko kimoja kwenye uji wake kila siku. Ni dawa."

Alitaka kuongeza kwamba asitumie manjano mengine yoyote. Lakini angeulizwa yale ya gunia yana nini, naye angejibu nini? Aibu ilimfunga mdomo, na aibu ni mshauri mbaya.

Wiki ya tatu Sabaha akaanza kusahau majina ya vitu. Wiki ya nne akapotea ndani ya nyumba, akitafuta choo. Bakili alijipa moyo kwamba bila manjano hali ingekuwa mbaya zaidi.

Wiki ya sita alipata kipande cha sabuni baada ya foleni ya nusu siku, akakaa uani kufua kanga ya mkewe iliyomwagikiwa uji. Kila muuza viungo anajua kwamba manjano ya kweli yakiguswa na sabuni hugeuka mekundu. Bakili akasugua. Doa likabaki la njano. Akasugua tena mpaka vidole vikamuuma. Njano.

Akalifuata kopo, akachota kidogo kiganjani, akatia maji na sabuni. Njano ile ile. Rangi hiyo aliijua, maana aliikoroga mwenyewe.

"Mama Gaudens! Nani ameligusa kopo hili?"

Hyasinta alitoka jikoni akifuta mikono. "Mimi, baba Zeina. Kwani mkeo hakukuambia? Ile Jumapili ya kipaimara cha Gaudens wageni walinizidi, akanipa nitie kwenye mchuzi. Likaisha lote. Akasema nisirudishe, lakini kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kesho yake tu nikalijaza mpaka juu."

"Ulinunua wapi?"

"Kwako, wapi tena?" Hyasinta alicheka. "Nilimtuma wifi yangu, Euphrasia. Nikamwambia, dawa ya mgonjwa usininunulie kwa mtu baki, nenda kwa Bakili. Anasema ulimpimia mwenyewe, na ukamwapia."

Bakili alijaribu kuikumbuka sura ya mwanamke huyo. Hakuikumbuka. Alipiga hesabu ya siku: kipaimara kilikuwa wiki ya pili. Mwezi mzima mkewe alikunywa muhogo na rangi ya mikeka. Labda manjano yasingemsaidia, daktari hakuahidi kitu. Sasa hilo hatalijua mpaka anaingia kaburini. Alitaka kulia, akaona hata haki ya kulia hana.

"Ahsante, mama Gaudens," alisema, na Hyasinta akarudi jikoni, moyo mweupe.

Sabaha alitokea mlangoni, akishika ukuta. Aliutazama mkono wa njano wa Bakili, kisha akamtazama usoni kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mwenye duka.

"Samahani, kaka. Hayo manjano yako ni safi?"

Kiapo kilimjia mdomoni kwa mazoea. Akakimeza.

"Si safi," alisema.

Sabaha akashukuru kwa kichwa. Akakaa taratibu kizingitini, akaelekeza macho kwenye mlango wa barabarani.

"Basi, ngoja nimsubiri mume wangu," alisema. "Yeye ataniletea mazuri."