Vidoti Viwili Katika Daftari la Mlinzi

Mwenye nyumba alipokuja kumpa shangazi pole, mimi nilimtazama mikono kabla ya uso. Mtu aliyepuuza kitasa kibovu miezi minne, leo huruma anaitoa wapi? Alisema pole mara tano, kisha akauliza kwa upole mwingi kama siku ile ya mwizi si shangazi mwenyewe aliyesahau kufunga mlango. Nikajua hapa pana jambo.

Mlango wa chini wa jengo letu ulikuwa haufungi. Wapangaji tuliuegemeza kwa tofali. Jumatano moja, mchana kweupe, mwizi aliingia, akakutana na shangazi kwenye ngazi, akamsukuma. Mkono wa kulia ukavunjika mara mbili. Shangazi ni fundi cherehani. Mkono huo ndio uliokuwa unakata vitambaa, ndio ulionisomesha. Tulipeleka malalamiko kwa msuluhishi wa wapangaji tukitaka jambo moja tu: mwenye nyumba akubali kwamba mlango ule ulikuwa jukumu lake. Yeye akajibu kwamba kitasa kilikuwa kizima, na mlinzi ana daftari la kuthibitisha.

Mlinzi! Huyo nilishamweka kiporo, nikingoja siku yake. Tangu shangazi atoke hospitali, tukipishana naye anainamisha macho.

"Huyu mzee alikula njama na mwizi," nilimwambia shangazi.

"Acha kumsakama mzee wa watu. Hujui unalosema."

Alivyomtetea haraka namna ile, hata hilo nililitilia shaka.

Siku ya kikao, plasta ya mkono wa shangazi ilikuwa imeshatolewa. Mwenye nyumba aliweka daftari mezani na kulisukuma mbele kwa kidole kimoja. Msuluhishi, mama wa makamo mwenye miwani, akasoma kwa sauti: "Mlango umefungwa. Kitasa kizima." Kila siku hivyo hivyo, na pembeni saini ya mwenye nyumba.

Nikachungulia. Chini ya kila mstari palikuwa na vidoti viwili. Shangazi huweka vidoti viwili chini ya kila kipimo cha mteja, alama kwamba amepima mara mbili. Sijamwona mtu mwingine akifanya hivyo. Nikamgeukia, macho yake yalikuwa sakafuni. Amehongwa? Shangazi yangu huyu huyu? Niliona aibu kuwaza hivyo, lakini niliwaza.

"Mwandiko ni wangu," alisema kabla hajaulizwa. "Mlinzi hajui kuandika. Aliambiwa daftari lisipojazwa hivyo hivyo, kazi hana. Kila Jumapili ananiletea, namjazia wiki nzima inayokuja. Nilimhurumia tu."

Mlinzi, aliyesimama mlangoni, alijifunika uso kwa kofia yake.

"Mmesikia?" Mwenye nyumba alitabasamu. "Anaandika mwenyewe kitasa kizima, kisha ananishtaki mimi!"

Nililivuta daftari kwangu bila kuomba ruhusa, nikatafuta wiki ile. Jumatano, kitasa kizima. Alhamisi, kitasa kizima. Ijumaa na Jumamosi pia, vidoti viwili kila mahali.

"Alhamisi shangazi alikuwa wodini na mkono kwenye plasta," nilisema. "Ijumaa fundi wako alikuwa anang'oa hicho kitasa kizima na kuweka kipya. Sasa wewe uliweka saini kuthibitisha nini?"

Mwenye nyumba alikohoa. Akasema ana shughuli nyingi, kwamba daftari huwa analetewa Jumapili jioni likishajazwa, anasaini kurasa zote kwa pamoja. Alipotambua alichokisema, alinyoosha mkono kulichukua daftari. Msuluhishi alikuwa ameshaandika.

"Mama," msuluhishi alimwambia shangazi, "niandikie mstari mmoja hapa, nilinganishe mwandiko, tumalize."

Shangazi alichukua kalamu kwa mkono wa kulia. Ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena, ikabingirika hadi mlangoni. Mlinzi aliifuata, akaja kupiga magoti mbele yake, akamwekea kalamu kiganjani na kumkunja vidole kimoja kimoja, huku akirudia, "Nisamehe, dada."

Vidole vilifunguka vyenyewe.

"Basi, inatosha," alisema msuluhishi. "Nimeona."

Shangazi hakumsikia. Aliibana kalamu kati ya ngumi zake mbili, akainama juu ya karatasi, akawa anatafuta pa kuweka kidoti cha kwanza.