Utani Niliomfanyia Fatouma Ngosa

Haya ni kweli tupu, na kama nimeongeza hata koma moja, chai yangu ya kesho igeuke petroli na mimi niinywe.

Mimi Edouard, fundi wa zamani wa karakana ya reli, nilijisomesha kwa magazeti ya kufungia mikate. Leo niko katika kundi letu la Lubumbashi linaloandika ile ensiklopedia ya mtandaoni ambayo kila mtu anaruhusiwa kuiandika na kuirekebisha. Tunakutana Jumamosi katika gereji moja kule mtaa wa Golf, kwa shangazi yake Léa, maana huko umeme hauna mazoea ya kukatika. Léa ndiye kiongozi wetu. Alinipa cheo cha mkaribishaji: mgeni akijiandikisha, namsalimu na kumwonyesha njia, watu wakigombania makala, nawapatanisha.

Makala ya Lukafu, kijiji cha wakulima, niliianza mimi. Niliandika mashamba, barabara, mihogo. Kwa kuwa ilionekana fupi, nikaongeza boga. Boga moja la Lukafu, kubwa hata padri akasoma misa ndani yake, kwaya ikabaki nje kwa kukosa hewa. Boga hilo nililiona kwa macho yangu, ila nilipofika lilikuwa limeshaliwa.

Ndipo akaja mgeni, Fatouma Ngosa. Akaongeza habari za soko na za mbegu, safi kabisa. Boga akaliondoa, na kwenye ukurasa wa majadiliano akaandika: "Mzee wangu, mimi naishi Lukafu. Habari ya boga sikuipata kitabuni wala kwa watu. Kama una chanzo, kiweke tulirudishe."

Adabu iliyoje! Lakini mimi niliona neno moja tu: Ngosa. Karakana ilikuwa na akina Ngosa, wote wa ukoo wa Mbuzi, na mimi ni wa ukoo wa Chui. Chui na Mbuzi kwetu ni watani. Mtani atakutukana hadharani, atakunyang'anya kofia msibani, nawe huruhusiwi kununa. Nikafurahi kama niliyeona ndugu ugenini. Nikalirudisha boga, nikaandika chini yake:

"We mbuzi, nani alikufungua kamba? Babu zako waliiba chungu cha babu yangu kikiwa bado na bukari, ugali mzima, ndani. Rudi ukatafune majani ya muhogo, uwaachie Chui kuandika!"

Nikacheka mpaka mke wangu, Virginie, akauliza kama nimepaliwa. Nikangoja kutukanwa vizuri. Jibu likaja: "Samahani, mzee. Sikujua hapa pana wenyewe. Nimeacha."

Nikamwonyesha Virginie. Akasoma, akavua miwani.

"Fatouma? Jina ile ni ya bantu ba Maniema, baislamu. Edouard, ukoo inatokaka kwa mama, haitokake kwa baba! Mama yake kama ni wa Maniema, ule haiko Mbuzi wako. Ulitukana tu muntu."

Ukoo wetu hufuata mama. Hilo hata mtoto mchanga analijua. Mimi nililisahau kwa tamaa ya kucheka. Usiku ule niliiacha bukari yangu nusu sahani.

Jumamosi Léa, ambaye huniita Papa kwa heshima ya umri wangu, akauliza: "Papa, ule mugeni wa Lukafu eko wapi? Alianza muzuri sana."

"Rezo," nikasema, yaani mtandao. "Kule Lukafu rezo iko mubaya."

Akaniamini, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Neno samahani lingetosha. Lakini ulimi wangu kwa neno hilo ni mzito, kwa mengine yote ni mwepesi. Nikafungua akaunti ya pili kwa jina la kubuni: Mama Plamedie wa Mitwaba. Mama Plamedie akamtetea mgeni: "Mwanangu, rudi. Huyo Edouard ni mzee mpumbavu." Nikasikia nafuu. Kisha Edouard akaona anaonewa, akajibu. Mama Plamedie akamkaripia. Wakagombana wawili hao, na mimi katikati natoka jasho, mpaka Mama Plamedie akahitimisha kwamba boga ni uongo, ila kwao Mitwaba yeye mwenyewe aliwahi kuona tango lililovusha ng'ombe mtoni.

Sikuweza kujizuia.

Jumamosi iliyofuata nikamkuta gerejini mwanamke wa makamo, kitambaa cha kijani kichwani. Alikuwa Fatouma; Léa alikuwa amemwandikia na kumwomba aje.

"Papa," Léa akasema, akinigeuzia kompyuta, "hii tango ya Mama Plamedie njo nini?"

Nikatazama tango.

"Bantu babili banadanganya namna moja? Kujitungia muntu wa kukusaidia mu bugomvi ni kosa kubwa, unajua. Akaunti ya Mama Plamedie ninafunga. Na kukaribisha bageni, utaacha."

Nikakubali kwa kichwa. Nikamgeukia Fatouma, nikamweleza Chui, Mbuzi, watani, karakana. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuwa nafundisha batoto bangu kuandika mule," akasema. "Bakasoma maneno yako mbele yangu. Wa mwisho akaniuliza: mama, shiye tuko mbuzi?"

Jamani, ulimi wangu mzito ukalivuta lile neno.

"Nisamehe, mama," nikasema mwishowe.

"Baba yangu alikuwa Mbuzi, alinifundisha sheria yenu. Muntu akitania muntu mwenye haiko mutani wake, analipa jogoo."

"Kuku jike haitoshi?"

"Jogoo. Na ikuwe ya kweli, haiko ya hadisi. Nitangoja."

Gereji nzima ikacheka, isipokuwa yeye.

Kwanza, mbele yao, nikafuta boga kwa mkono wangu, na kwenye majadiliano nikaandika samahani kwa jina langu. Kisha nikapanda pikipiki hadi nyumbani. Nikamsimulia Virginie yote; alimkamata jogoo wake mwekundu, akamfunga miguu, akanipa huku akinikazia macho.

Niliporudi gerejini, Fatouma alimpima jogoo kwa mikono miwili. "Iko nyepesi."

Nilitaka kumwambia kwamba jogoo huyu aliwahi kumfukuza simba. Nikafunga mdomo. Akamfunga kwenye mguu wa kiti, akaketi mbele ya kompyuta, akafungua makala ya Lukafu.

"Papa, kuongeza picha, munabonyezaka wapi?"

Nikainama, nikamwonyesha kwa kidole.