Mwenye Tembo wa Muhokya

Mwaka wa sabini na tano bwana Yonasani, mtu wa ofisi ya wanyama Kasese, alikuja soko la Muhokya akauliza swali la ajabu: kila mmoja wetu angetoa shilingi ngapi kwa mwaka ili tembo wasiishe?

Watu wakatazama viatu vyao. Wasio na viatu wakatazama vya Yonasani. Kwetu mbuzi akila shamba la mtu, mwenye mbuzi hulipa. Sasa nani atoe shilingi yake, kesho aitwe mwenye tembo?

Mimi Bulandina nilitamani sana huyo mwenye tembo apatikane. Tembo dume mmoja alikuwa amekula nusu ya mihogo yangu, na sikuwa na wa kumdai. Nikamgeukia Anselme, Mkongomani wa kule Bwera mpakani, aliyeleta vitenge vyake sokoni.

"Anselme, wewe tajiri. Toa kumi!"

"Ee mama! Mimi niko mutu ya vitenge. Nikitoa, kesho utaniletea mashina ya muhogo mulangoni."

"Hata tano?"

"Hata moja, hapana!"

Yonasani akaona aibu. "Basi, mimi mwenyewe natoa ishirini."

Soko zima likapumua. Nikamshika mkono. "Asante, mwanangu. Twende ukaone tembo wako alichofanya."

Alijitetea njia nzima. Lakini alipoona mihogo ilivyong'olewa, akakuna kichwa, akaniahidi magunia mawili ya unga. "Ila mama, askari wa jeshi wanawamaliza kwa ajili ya pembe. Tembo wakiisha, ofisi itafungwa. Nitakulipa na nini?"

Hapo bunduki zikalia upande wa ziwa. Mara yule dume akaja mbio, akajitia kwenye kichaka kando ya shamba langu, na nyuma yake lori la askari likasimama barabarani.

"Wewe mama! Tembo iko wapi?"

"Amevuka mpaka, ameingia Kongo, afande."

"Kweli?"

"Angekuwa hapa, afande, na mimi ningekuwa hapa?"

Kichakani tawi likavunjika, kwaa! Haraka nikaanza kumgombeza Yonasani kwa sauti kubwa: mume gani huyu, analewa mchana, mihogo inaoza! Yonasani akainamisha kichwa kama aliyenioa kweli. Askari wakacheka, lori likaondoka.

Dume akatoka, akaanza kung'oa mihogo iliyobaki. Sikumfukuza.

"Magunia matatu," nikamwambia Yonasani.

"Matatu," akakubali. Macho yake, kama yangu, yalikuwa barabarani, lori lisije likarudi.