Vijiko Viwili vya Mtindi

Kazi yangu kwenye ile maabara ya Chennai ilikuwa kujaza tarakimu. Wenye digrii walitunga hesabu. Mimi wa sekondari nilijaza majedwali na kuwachekesha. Hesabu yenyewe haina uchawi. Seli ina nafasi finyu ya vimeng'enya vinavyoifanyia kazi, kama jiko lenye wapishi wachache: ukiongeza wa wali, umepunguza wa mchuzi. Kompyuta inatafuta mgawo utakaomaliza kazi zote, sumu isibaki.

Mdogo wangu Ilakkiya, miaka sita, amezaliwa na kimeng'enya kimoja kibovu. Protini ikizidi kidogo, sumu hubaki mwilini, anazimia. Anaishi kwa uji mwepesi na unga wa hospitali. Mtindi hajawahi kuuonja, na kwetu mlo usiofungwa kwa wali wa mtindi ni kama haujaliwa.

Basi wakubwa walipotoka kunywa chai, nikaingiza vipimo vya Ilakkiya. Vijiko viwili vya mtindi, je? Kompyuta ikajibu: jawabu lipo, yaani sumu haibaki. Sikungoja daktari, nikampigia Mama. Alilia kwa furaha, akasema atampa Ijumaa, siku njema.

Ijumaa hiyo Dada Poongodi, msimamizi wa hesabu, akachungulia jedwali langu.

"We Kathir, kikomo cha hiki kimeng'enya kibovu umeweka ngapi?"

"Hicho sijakigusa."

Akavuta kiti, akaketi. Pale maabara, kimeng'enya ambacho hakijapimwa huandikiwa kikomo cha elfu moja, yaani kifanye kazi kitakavyo. Nilikuwa nimebadilisha vikomo vingine vyote, nikakiacha kile kile kibovu. Ndani ya kompyuta, Ilakkiya alikuwa mzima.

Akaandika kipimo chake halisi: mbili. Hakuna jawabu.

"Weka kijiko kimoja, dada."

Hakuna jawabu.

"Nusu basi! Unabania kama mtindi ni wako."

Akaweka nusu. Akaweka robo. Kisha akageuza kiti asinitazame.

Nikapiga simu. "Mama, usimpe."

"Ndo kwanza tumekaa chini tule. Kavaa sketi ya sikukuu, ananusa bakuli, anacheka. Acha mizaha yako leo."

"Si mizaha, Mama. Nilikosea hesabu."

"Hata kijiko kimoja?"

"Hata cha kulamba."

Nikasikia bakuli likiburutwa sakafuni, na Ilakkiya akiuliza, "Kwani nimefanya nini?"