Nafasi za Kuitika

Gaudiose alifumbua mdomo aitike, jina la pili likamkuta. Akalikimbilia hilo, la tatu likampita. Sauti ya marehemu mumewe, Alois, ilikuwa ikitoka kwenye redio ya kaseti ya maktaba ikitaja watu mbiombio, kama askari anayesoma orodha.

“Zima,” alisema.

Ezekia, mkutubi, akazima. Alikuwa amesimama akingoja shukrani, maskini, na tabasamu lake likabaki usoni halina pa kwenda.

Mwezi mzima alikuwa ametangaza Mpanda mjini na vijijini: leteni kanda na picha zenu za nyumbani, maktaba itawanakilia bure, zisipotee. Mama huyu alitoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, na kanda moja tu, ameifunga kwenye kitambaa. Ezekia aliinakili mwenyewe. Kila alipokuta kimya baada ya jina alisimamisha kurekodi, akiamini anaondoa ubovu. Mungu amsamehe, alijiona fundi! Alipomaliza, kanda ya zamani ikatafunwa na mashine, ikakatika vipande. Hakuhuzunika sana. Si nakala ipo?

“Nafasi zetu ziko wapi, mwanangu?”

“Nafasi gani, mama?”

“Za kuitika. Hawa ni ndugu zetu waliouawa kwetu Burundi mwaka sabini na mbili, sisi tukakimbia. Alois anamwita mmoja, anatusubiri. Sisi tunasema, ‘Tunakukumbuka.’ Kila mwaka, mimi na watoto. Watoto wamezaliwa huku, wanawajua kwa hivyo tu.” Akashika ukingo wa meza. “Wakati ule majina yalisomwa hivi hivi, haraka haraka. Ukisikia lako, unapanda lori.”

Ezekia alitamani ardhi ipasuke immeze. Samahani ilimfika kooni, akaiona ndogo mno.

“Watoto wanaweza kuisimamisha redio kila baada ya jina,” alijaribu.

“Aliyekuwa akiwasubiri ni baba yao. Si redio.”

Mkutubi akafungua kanda mpya, akaiweka upande wa kurekodia. “Tunarudia, mama. Nitaisimamisha sauti yake, kanda hii iendelee kuzunguka. Wewe itika moyoni. Ukimaliza, niguse mkono.”

Gaudiose alifikiri. “Kuna mmoja, mwanetu Esteria. Pale Alois alishindwa kuendelea. Tulikaa tu, naye akakaa.”

“Kwa muda gani?”

“Nani alipima?”

Ezekia ndiye aliyekisikia kimya kile mara ya mwisho, na alikiruka.

Wakaanza. Kitufe cha kusimamishia kilikuwa kimelegea, sharti ukishikilie kwa kidole. “Gelasius,” Alois aliita. Ezekia akabonyeza, akaguswa mkono, akaachia. “Séverin.” Akabonyeza tena. Waliendelea hivyo, shangazi, majirani, mwalimu wa kijiji, na kufikia jina la saba Ezekia alijikuta naye anaitika moyoni, watu asiowajua hata sura. Aliona haya, lakini hakuacha.

“Esteria.”

Akabonyeza. Kanda mpya ikazidi kuzunguka. Gaudiose alikuwa ameutazama ukuta, mikono yake mapajani, wala hakumgusa. Mlangoni alitokea mtu mwenye kitabu cha kurudisha, akawaona, akarudi nyuma taratibu.

Kidole kikaanza kumuuma Ezekia, kisha kikafa ganzi. Hakukiondoa.